Uliza kwa Anti: Kwani mhadhara wa Nkrumah ni wa wenye digrii tu?

Wiki mbili tatu hizi meseji zenu nyingi zimedondokea sehemu moja, chuoni. Sijui ni msimu wa mahafali au ni haya mabango ya "Hongera Profesa" yanayozunguka kwenye magrupu mpaka ya ukoo, ila nimeona nizijibu kwa mpigo maana nyingine zinafanana kama mapacha. Kwa mliojiunga juzi, mimi kabla sijastaafu nimekaa miaka mingi kwenye ofisi ya idara kwenye chuo kimoja hapa hapa Dar, nachapa barua, natafuta projekta iliyoazimwa na haikurudi, nachemsha chai ya wageni wa kongamano, kwa hiyo ninayowaambia mengine nimeyasoma na mengine nimeyabeba kwa mikono yangu hii.

*

Shikamoo Anti. Mimi ni dereva boda, kijiwe Mwenge. Juzi nimepeleka abiria Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaona bango la mhadhara wa wazi ukumbi wa Nkrumah, mambo ya Mwalimu na ukombozi wa Afrika, vitu ambavyo mimi nikianza kuvisikiliza hata njaa nasahau. Shida nimeishia form four. Nikiingia si watanitoa? Na kiingilio shilingi ngapi?
Boda wa Mwenge

Marahaba mwanangu. Hakuna wa kukutoa na kiingilio hakuna, ndo maana wakaandika wazi.

Halafu Nkrumah si pageni kwako kama unavyodhani. Unaikumbuka noti ya jero, ile ya 2010 yenye Mzee Karume mbele, kabla sarafu haijaanza kuimeza 2014? Ukiigeuza nyuma kuna jengo na wahitimu wamevaa majoho. Ndo hiyo Nkrumah. Umeishika miaka, umewarudishia watu chenji nayo, leo unaogopa kuingia mlangoni.

Na historia ya pale iko upande wako. Chuo chenyewe kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wa sheria wachache hata daladala hawajazi, kupanda mlimani ni 1964. Basi miaka ya mwisho ya 60 na mwanzoni mwa 70 watu walikuwa wanabishana pale mpaka giza linaingia, Museveni huyu wa Uganda alikuwa mwanafunzi, na Walter Rodney, yule mwalimu wa historia kutoka Guyana, alifika 1966 akafundisha, akaenda Jamaica, serikali ya kule Oktoba 1968 ikamzuia asiingie nchini, akarudi zake Dar 1969 akakaa mpaka 1974. Kile kitabu chake cha Ulaya ilivyoididimiza Afrika kilitoka 1972 na kilichapwa London na hapa hapa Dar, Tanzania Publishing House. Yaani kazi iliyosomwa dunia nzima iliandikwa na mtu aliyekuwa anapanda kile kilima unachopandisha abiria.

Siku yenyewe sasa. Getini mlinzi akikuuliza mwambie naenda mhadharani Nkrumah, mwoneshe leseni au kitambulisho cha NIDA, yameisha. Helmeti usiiache kwenye pikipiki, tumbili wa pale hawana adabu. Kaa katikati, usikae nyuma kabisa maana huko spika huwa zinakoroma. Mwenyekiti ataanza kumtambulisha mzungumzaji, hapo vumilia tu, wasifu wa profesa ukisomwa wote unaweza ukapeleka abiria Kariakoo ukarudi ukamkuta yuko kwenye machapisho ya 1998. Akimaliza mzungumzaji anakuja mchokoza mada, yaani wa kuanzisha mjadala, halafu ndo maswali, wanachukua matatu matatu au manne kwa pamoja kwa hiyo nyoosha mkono mapema. Swali lako liandike kabla kwenye karatasi, sentensi mbili zinatosha. Wanaoharibu pale sio wasio na digrii, ni wenye digrii wanaosimama na kusema "mwenyekiti mimi sina swali ila nina mchango kidogo," ukisikia hivyo jua kumekucha.

Kama unampenda Mwalimu kweli basi fuatilia pia matangazo ya Kigoda cha Mwalimu Nyerere, ni kiti cha uprofesa kilichoanzishwa pale 2008, wa kwanza kukikalia alikuwa Profesa Issa Shivji, na tamasha lake la kwanza 2009 mgeni alikuwa Wole Soyinka wa Nigeria, mwenye Nobel yake kabisa, na watu walijaa. Aliyefuata kwenye kigoda ni Profesa Penina Mlama. Huyu mshike jina, namrudia hapo chini.

*

Habari za siku dada. Binti yangu kapangiwa chuo, digrii ya sanaa, historia na fasihi. Baba yake hataki hata kusikia, anasema hizo ni kozi za kupigia stori, bora angesoma uhasibu. Na mimi mwenyewe dada nakuwa sina la kumjibu, kila siku naona hongera profesa fulani wa insia kapanda, hongera mwingine kapata tuzo, sasa kafanya nini? Daktari anatibu, injinia anajenga, hawa mafanikio yao yako wapi?
Mama wa watatu, Tabata

Nzuri dada, za kwako. Swali lako nimelisoma mara tatu na nimeamua nikujibu kwa kirefu, wengine watanisamehe.

Insia ni masomo yanayomchunguza binadamu mwenyewe, alikotoka, anavyosema, anavyocheza, anavyoamini. Pale Mlimani ndo wameweka historia, fasihi, lugha za kigeni, falsafa, sanaa bunifu na akiolojia kwenye Ndaki ya Insia, ndaki ni kama chuo ndani ya chuo, mkuu wake anaitwa rasi. Sasa tatizo la hawa watu ni kwamba kazi zao hazina jiwe la msingi la kuzinduliwa na waziri. Daraja lina kibao. Kazi ya mwalimu wa fasihi inaingia mtaani inapotea humo humo, unaitumia hujui nani kaifanya.

Muulize binti yako shuleni kwao kulikuwa na klabu ya Tuseme? Mwenyewe si ajabu alikuwemo. Tuseme haikutoka wizarani wala kwa mfadhili aliyeshuka na ndege, ilianzishwa 1996 na walimu wa sanaa za maonyesho wa Mlimani, na mbele kabisa walikuwepo huyo huyo Penina Mlama na mwenzake Amandina Lihamba. Hawa mama walishazunguka vijijini tangu mwanzoni mwa miaka ya 80, walienda mpaka Malya kule Kwimba, wanakaa na wanakijiji, wanasikiliza matatizo, wanatengeneza nao mchezo wa kuigiza kwa ngoma zao wenyewe, halafu mchezo ukiisha watu hawaondoki, wanajadili walichokiona. Wakaichukua njia ile ile wakaipeleka kwa wasichana wa sekondari.

Na nikwambie inavyofanyika uone kwamba sio stori. Mwalimu hawaletei wasichana tamthilia iliyoandikwa tayari. Wanaanza kuulizana wao kwa wao, nini kinatufelisha hapa shuleni, mmoja anasema kazi za nyumbani, mwingine anasema umbali, mwingine ananyamaza, na huyo aliyenyamaza mara nyingi ndo mwenye jambo kubwa, labda kuna mwalimu anamsumbua. Wanayachambua, wanayageuza wimbo, ngoma na igizo, halafu wanaigiza mbele ya mwalimu mkuu na wazazi na wazee wa kijiji. Fikiria mtoto wa kike wa miaka 15 aliyefundishwa tangu mdogo kwamba mbele ya mkubwa anainamisha macho, leo yuko jukwaani anamwigiza mwalimu anayesumbua wanafunzi, na mwalimu mwenyewe yuko mstari wa mbele amekunja mikono. Kwa mdomo wake asingethubutu, kwa mdomo wa mhusika ameweza. Baadaye FAWE, lile shirika la wanawake wa Afrika la elimu ya mtoto wa kike, likaichukua Tuseme likaipeleka nchi nyingine za Afrika, na Mlama mwenyewe akaenda kuliongoza. Hayo ni mafanikio ya walimu wa maigizo, wale wale ambao shemeji anasema wanapiga stori.

La pili mwambie shemeji aende kwenye kabati la watoto achomoe Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kama jalada bado lipo. Toleo la kwanza ni 1981, watu wa TUKI, taasisi ya Kiswahili ya pale pale Mlimani, ambayo tangu 2009 inaitwa TATAKI. Kila anapobishana na mtu kama ni "hospitali" au "hosipitali" anakimbilia kazi ya wanaisimu, hao wataalamu wa lugha, bila kuwalipa hata soda.

La tatu ndo mimi linanigusa zaidi. Mwaka 1968 idara ya historia iliwatuma wanafunzi wake wakati wa likizo warudi kwao kusini, wakakae na wazee waliokuwa bado hai wawaulize kuhusu Maji Maji. Piga hesabu, aliyekuwa na miaka 12 vita inaanza 1905, mwaka huo ana 75. Wangechelewa miaka kumi wangekuta makaburi. Wakati huo vita ile ilikuwa inajulikana zaidi kwa makaratasi ya Wajerumani, yaani kwa maneno ya aliyepiga, vijana wakaenda kuchukua maneno ya aliyepigwa, nani alikuja na dawa, maji yalinyunyizwa vipi, nani alikimbilia wapi, njaa iliyofuata walikula nini. Waliosimamia walikuwa John Iliffe na Gilbert Gwassa, na Gwassa ndo alichimba sana mwanzo wa vita na habari za Kinjikitile. Leo mtoto wako anajibu swali la Maji Maji kwenye mtihani anaandika mambo ambayo mwanafunzi mmoja aliyavunia kwenye mkeka wa mzee.

Hata juzi juzi tu 2020 kimetoka kile kitabu cha maisha ya Mwalimu, juzuu tatu, ukizibeba zote unahitaji mkoba wa kamba, wamekaa meza moja mwanasheria Shivji, mwanaisimu Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata wa sayansi ya siasa. Na wa akiolojia sijamgusa, ila kumbuka Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert imewahi kuongozwa na Profesa Audax Mabulla, aliyetoka kufundisha akiolojia Mlimani.

Sasa dada na mimi sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ajira ya insia si ya moja kwa moja kama ya nesi. Ukikaa na digrii ya historia huku huwezi kuandika ukurasa mmoja ulionyooka, na lugha unayoijua ni hizi mbili za kuzaliwa nazo na za shuleni, utakaa nyumbani. Mwambie binti achukue na lugha ya kigeni, Kifaransa au Kichina, Mlimani zote zinafundishwa, Taasisi ya Confucius ipo hapo hapo. Ajitolee kwenda fildi hata kama ni kubeba tepu ya kupimia. Na asikose semina za idara, zile za mchana wanazokaa watu kumi na tano, maana pale ndo mwalimu anamjua mwanafunzi kwa jina, na barua ya kumpendekeza mtu haiandikwi kwa kutazama rejista.

*

Anti naomba unitofautishie, profesa mshiriki na profesa ni kitu kimoja? Na Dokta je? Ofisini kwetu tuna mmoja ana udaktari wa heshima anataka tumwite Dokta mpaka kwenye foleni ya chai.
Mhasibu, Kinondoni

Nimecheka. Ngazi ziko hivi, kijana anaanza kama mkufunzi msaidizi, wenyewe wanamwita TA, akipata masta anakuwa mhadhiri msaidizi, akipata PhD kwa kawaida ndo anaitwa mhadhiri, halafu mwandamizi, halafu profesa mshiriki, halafu profesa kamili. Kuanzia hapo kwa mhadhiri kinachokupandisha ni machapisho na ufundishaji, sio umri wala suti. Maandishi yako yanatumwa kwa wasomi wa nje ya chuo ambao hawakuhurumii, wanasoma wanasema huyu kaleta jipya au karudia ya wenzake.

Mimi haya mafaili nimeyafunga kwa kamba. Kuna mwalimu mmoja wa fasihi alikuja na makala zake za miaka sita kwenye kapu la ukili la sokoni, juu yake mchicha, kapitia sokoni asubuhi kabla ya kuja kazini. Nikamwambia mwalimu hii kamati itanusa mchicha, akanijibu bora mchicha kuliko vumbi. Nikazitoa moja moja nikapanga mezani, ya chini kabisa ilikuwa imelowa kona. Jibu lake lilichukua zaidi ya mwaka kurudi na alipita, na siku barua inafika alikuwa darasani, hakutoka, akasema iwekeni hapo. Siku hizi bango la hongera linatangulia barua.

Udaktari wa heshima ni heshima kweli ukitolewa na chuo cha kueleweka kwa mtu aliyefanya jambo, ila ni zawadi, haukupimwa kwa mtihani, na wengi wenye busara zao hawautumii kujitanguliza. Huyo wa kwenu mwiteni Dokta siku akilipia chai ya ofisi nzima.

*

Anti, mimi ni mwanafunzi. Profesa wetu kapata tuzo kubwa nje ya nchi, picha zake kila mahali, chuo kinajivunia, lakini darasani semista nzima tumemwona mara nne. Tumpongeze au tufanyeje?
Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Yote mawili mwanangu. Tuzo ni yake na kaifanyia kazi, usimnyime. Na kipindi ni chenu na mmelipia ada, msikiache. Mwambieni mwakilishi wa darasa apeleke kwa mkuu wa idara, kwa maandishi, tarehe zote ambazo hakutokea, bila matusi na bila kurekodi sauti za kurusha kwenye grupu. Kuna ile fomu ya kumtathmini mwalimu mwisho wa semista, najua wengi mnatiki tiki bila kusoma ili mwende kula, msifanye hivyo, nimeona zikisomwa. Na kama anawaachia TA afundishe, mwulizeni TA maswali magumu, wengine wako vizuri kuliko mabosi wao, hilo nimelishuhudia na sitalifuta.

*

Shikamoo Anti. Nilihudhuria mhadhara kwenye chuo kimoja, mada ilikuwa utamaduni wetu, nikasimama nikauliza kwa Kiswahili. Mwenyekiti akasema "in English please," watu wakacheka, nikakaa chini. Tangu siku hiyo sijarudi. Nilikosea?
Mwalimu wa msingi, Mbagala

Marahaba mwalimu, na pole. Hukukosea hata kidogo, aliyekosea ni mwenyekiti, ukumbi wa Dar es Salaam unakatazaje Kiswahili? Mwalimu Nyerere alikaa usiku na Shakespeare, nchi ikiwa changa na yeye ana mambo elfu mezani, akamtafsiri Julius Caesar likatoka 1963, akalirudia tena likatoka 1969 sambamba na lile la mabepari wa Venisi. Na hii Siku ya Kiswahili Duniani tunayovalia vitenge tarehe 7 Julai, UNESCO waliitangaza 2021 wakachagua siku hiyo kwa sababu ndo siku TANU ilipokitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru, mwaka 1954. Tunasherehekea Julai, Agosti tunamkalisha mtu chini kwa sababu kaongea Kiswahili.

Acha nikusimulie kimoja. Ofisini kwetu tuliandaa mhadhara, profesa mmoja anaelezea uyeyushaji wa chuma wa kale kule Ufipa, picha ukutani, tanuru la udongo refu kumzidi mtu. Ukumbi ulikuwa nusu. Mlangoni alisimama mama wa usafi na dekio lake anasubiri tumalize apige deki. Profesa anaongea Kiingereza chake kizuri, mama kaangalia picha, mara kanigusa bega, kaniambia dada hiyo ni ilungu, kwetu Sumbawanga bado yapo porini. Nikamwambia kaseme. Akakataa. Nikanyoosha mkono mimi nikasema kuna mtu ana neno. Mama akaongea kutoka mlangoni bila maiki, akasema bibi yake alimsimulia kwamba tanuru lile kabla ya kuwashwa lilikuwa linapambwa kama bibi harusi, na wanaume waliokuwa wanalihudumia walikuwa hawalali na wake zao siku hizo zote, maana ingekuwa kama kumfanyia uzinzi huyo mke mwingine. Ukumbi kimya. Yule profesa, na hapo ndo nilimpenda, akaacha maiki mezani akashuka jukwaani na daftari, akaenda mpaka mlangoni, akamwuliza kwa Kiswahili bibi yako alikuwa wa kijiji gani. Wamesimama pale dakika kumi nzima, mama anaelezea kwa mikono, dekio limeegemezwa ukutani linachuruzika maji, watu wengine wamegeuza viti kuwatazama wao badala ya picha.

Kwa hiyo rudi. Ukitaka pa kuanzia pasipo na presha nenda Kavazi la Mwalimu Nyerere, kavazi ni hifadhi ya nyaraka, lipo COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia pale Sayansi, Kijitonyama, Kiswahili pale ni cha kwao kabisa. Na mwenyekiti mwingine akikwambia tena uulize kwa Kiingereza, mwambie kwa upole unaomba atafsiri yeye, si ndo msomi.

*

Anti tumalizie ubishi wa kijiwe. Gurnah aliyepata Nobel ni wetu au wa Uingereza?
Kijiwe cha kahawa, Magomeni

Kazaliwa Zanzibar 1948, kaondoka kijana mwishoni mwa miaka ya 60 baada ya Mapinduzi, uraia wake wa Uingereza, na maisha yake ya kazi kafundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent mpaka kastaafu. Nobel ni Oktoba 2021. Mkitaka kubishana kuhusu pasipoti endeleeni, kahawa si ipo. Ila jambo ambalo nyie hamlibishani na ndo lilitakiwa libishaniwe ni kwamba mpaka anapata tuzo hakukuwa na kitabu chake hata kimoja kwa Kiswahili madukani kwetu, wakati wahusika wake wengi ni watu wa pwani hii hii. Aliyetutoa aibu ni mwalimu wa chuo pia, Ida Hadjivayanis anayefundisha SOAS London, katafsiri kile cha kijana Yusuf, kwa Kiingereza Paradise, kikaitwa Peponi, Mkuki na Nyota wa hapa Dar wakakitoa 2022. Changeni hapo kijiweni mnunue kimoja mzunguke nacho, mkishakisoma ndo mniandikie tena ni wa nani.

*

Shikamoo Anti, hili dogo tu. Wiki iliyopita nimeona tangazo la uzinduzi wa kitabu limeandikwa saa 2:00. Nikaomba ruhusa kazini, nikafika saa mbili asubuhi na shati limepigwa pasi, nakuta ukumbi umefungwa na fundi anafunga turubai. Kumbe walimaanisha saa nane mchana. Sasa hivi kuna lingine limeandikwa 8:00 tupu, bila asubuhi wala mchana wala usiku. Niende saa ngapi?
Fundi cherehani, Sinza

Marahaba, pole sana na asubuhi yako. Hawa wanatengeneza bango kwa Kiingereza halafu wanageuza maneno, saa wanaisahau, sisi ofisini ilishatutokea mgeni rasmi kafika sisi ndo kwanza tunapuliza maputo. Piga namba iliyopo chini ya bango uulize. Wasipopokea basi nenda saa nane mchana, maana saa mbili asubuhi hamna profesa anayezindua kitabu, na usiku saa mbili ukumbi unakuwa na harusi. Beba na kazi ya kushonea vifungo, wataanza nane na nusu.